Masizi kwenye kuta za Rabi Yehoshua

Mama yangu aliuza mkaa Tanga kwa miaka 19. Gunia lilishushwa mlangoni alfajiri, akalifumua, akapanga mafungu chini ya mwarobaini, na wasiokuwa na hela ya fungu akawapimia kwa kopo. Vumbi la mkaa halina adabu. Liliingia kwenye chandarua, kwenye kanga zilizokunjwa sandukuni, mpaka katikati ya kurasa za Biblia yake. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa mweusi kiasi kwamba ukipitisha kidole unaacha mstari. Jumamosi jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda na nusu ya limau, anasugua kucha moja moja, ili Jumapili mikono yake isimtangulie kanisani kusema yeye ni nani.

Nilimkumbuka nikiwa mtu mzima, mbali na Tanga, siku niliyofika ukurasa wa 28 wa Berakhoti, kitabu cha kwanza cha Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na mabishano ya marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi. Pale kiongozi mkuu wa Wayahudi wa zama zake anaingia nyumbani kwa mwanazuoni aliyekuwa amedhalilishwa naye, anaziona kuta zilivyo nyeusi, anasema neno, na anajibiwa neno ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Nitalieleza, ila si sasa. Usipojua yaliyotangulia, jibu lile litakupita.

Nilianza kusoma maandiko ya marabi kwa sababu ya mstari mmoja wa Zaburi. Waliokulia makanisani wanaujua: "Msiwaguse masihi wangu." Kwetu ulikuwa na maana moja tu, kwamba mtumishi wa Mungu hahojiwi. Miaka mingi baadaye nikaufungua mwenyewe, Zaburi ya 105, nikaanzia juu kidogo. Wanaoitwa masihi pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hata taifa. Na wanaoambiwa wasiwaguse ni wafalme. Yaani mwenye enzi ndiye anayekemewa, na anayelindwa ni mpita njia asiye na kwao. Nililia, sioni haya kusema. Nikataka kujua wenye Zaburi hizo, kabla hazijatufikia sisi, waliwaza nini kuhusu mtu anayesimama juu ya wengine kwa jina la Mungu.

Jibu nililolipata kwao liko katika maisha ya watu wawili. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Talmudi inasimulia kwamba mji ukiwa bado umezingirwa, Rabani Yohanan ben Zakkai alitolewa nje ndani ya jeneza kama maiti, wanafunzi wake wawili wakilibeba: Eliezer na Yehoshua. Alipofika kwa jemadari Vespasiano aliomba apewe Yavne na wanazuoni wake, na uhai wa ukoo wa Gamalieli. Hapakuwa tena na mfalme, wala madhabahu. Kilichobaki ni chuo katika mji mdogo, na swali la nani mwenye neno la mwisho.

Baadaye uongozi wa Yavne ulishikwa na Rabani Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli wa Matendo ya Mitume aliyemfundisha Paulo. Huyu ndiye mtu wangu wa kwanza. Wa pili ni yule mbeba jeneza, Rabi Yehoshua ben Hananya, Mlawi aliyewahi kutumika Hekaluni kabla halijaungua.

Waligombana kwanza juu ya mwezi.

Ninyi wa pwani hamhitaji kuelezwa ugomvi wa mwezi. Mnajua inavyokuwa ikisemwa umeandama kwingine na kwetu haujaonekana: nyumba moja inapika pilau la Idi, ya jirani bado imefunga. Yavne nako kalenda nzima ilisimama juu ya macho ya mashahidi waliofika mahakamani kusema wameuona. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua, inaeleza kwamba Gamalieli alikuwa na picha za mwezi kwenye ubao ukutani, katika chumba cha juu, akiwaonyesha watu wasio na elimu na kuwauliza, "Uliona hivi, au hivi?" Siku moja wakaja wawili wakasema wameuona kwa wakati wake, lakini usiku uliofuata haukuonekana. Gamalieli akawakubali. Mzee Dosa ben Harkinas akasema hao ni mashahidi wa uongo: watu watashuhudiaje kwamba mwanamke amejifungua, na kesho yake tumbo bado limemfika menoni? Rabi Yehoshua akamwambia, "Naiona hoja yako."

Basi kwa hesabu ya Gamalieli Siku ya Upatanisho iliangukia siku moja, kwa hesabu ya Yehoshua iliangukia siku nyingine. Gamalieli akamtumia amri: uje kwangu na bakora yako na fedha zako, siku ile ambayo kwa hesabu yako ndiyo Siku ya Upatanisho.

Myahudi mcha Mungu siku hiyo hali, hanywi, habebi mzigo, hashiki fedha. Kuambiwa uchukue mfuko wa fedha utembee nao kwenda mji mwingine ni kuambiwa uikanyage kwa miguu yako mwenyewe. Rabi Akiva, mwanazuoni mwenzao, akamkuta Yehoshua amefadhaika. Akamsomea Mambo ya Walawi 23, sikukuu za Bwana "mtakazozipigia mbiu": basi zikipigiwa mbiu kwa wakati wake au si kwa wakati wake, Mungu hana sikukuu nyingine ila hizo. Yehoshua akaenda kwa Dosa, yule yule mwenye hoja ya tumbo. Dosa akamwambia, tukianza kuihoji mahakama ya Gamalieli itatubidi tuihoji kila mahakama iliyosimama tangu siku za Musa.

Yehoshua akachukua bakora na fedha zake mkononi, akatembea mpaka Yavne. Gamalieli akainuka, akambusu kichwani: "Karibu kwa amani, mwalimu wangu na mwanafunzi wangu. Mwalimu wangu kwa hekima, mwanafunzi wangu kwa kuwa umeyapokea maneno yangu."

Mara ya kwanza nilichukia kisa hiki. Nilikiona kuwa ni mchungaji yule yule wa utotoni, kavishwa kanzu nyingine. Nimekirudia mara nyingi na sasa naona mambo mawili. Kwanza, hakuna aliyemwambia Yehoshua kwamba macho yake yamekosea. Aliambiwa atembee na wenzake, hakuambiwa akane anachokijua, na Gamalieli mwenyewe anakiri mbele za watu kwamba aliyeshindwa amemzidi elimu. Mamlaka pale inadai kuwashika watu pamoja, haidai kuwa ndiyo kweli. Pili, na hili ndilo linalonitisha, ni hoja ya Akiva kumhusu Mungu. Mungu ameziacha sikukuu zake mikononi mwa watu wanaoweza kukosea kuhesabu, na wakikosea, anasherehekea pamoja nao siku waliyoitangaza.

Huyu Yehoshua aliyetii ndiye tunayemkuta tena katika Bava Metzia, kitabu kingine cha Talmudi, ukurasa wa 59, kwenye kisa cha tanuri la nyoka. Lilikuwa tanuri la udongo lililokatwa vipande, na mchanga ukatiwa kati ya kipande na kipande. Je, linapokea unajisi au halipokei? Rabi Eliezer, mbeba jeneza wa pili, alisema ni safi. Wengine wote wakasema hapana. Akaleta kila hoja iliyoko duniani, hawakukubali. Akasema kama sheria iko upande wangu mti huu utathibitisha, na mti ukang'oka ukaenda dhiraa 100. Wakamjibu, hatuchukui ushahidi kwa mti. Mfereji wa maji ukarudi nyuma. Kuta za chuo zikaanza kuinama zianguke. Rabi Yehoshua akazikemea kuta: wanazuoni wakishindana katika sheria, ninyi inawahusu nini? Kwa heshima ya Yehoshua hazikuanguka, kwa heshima ya Eliezer hazikunyooka.

Ndipo ikatoka sauti mbinguni: kwa nini mnashindana na Rabi Eliezer, wakati sheria iko upande wake kila mahali?

Yehoshua akasimama kwa miguu yake akasema maneno ya Kumbukumbu la Torati: "Si mbinguni." Torati ilikwisha kutolewa Sinai, na ndani yake imeandikwa tufuate walio wengi, hivyo sauti ya mbinguni haipigi kura. (Mstari wanaoutegemea, Kutoka 23:2, mwanzo wake unakataza kuwafuata wengi katika uovu. Marabi waliijua vizuri sehemu hiyo, na waliokuwa wakiisoma siku ile walikuwa karibu kuwafuata wengi kufanya kitu kibaya. Nitafika hapo.) Rabi Natan baadaye akakutana na nabii Eliya akamuuliza, Mungu alifanya nini saa ile? Eliya akasema alitabasamu, akinena, "Wanangu wamenishinda, wanangu wamenishinda."

Wanaokipenda kisa hiki huishia hapo, kwenye tabasamu. Nami niliishia hapo kwa muda mrefu. Ukurasa hauishii hapo.

Siku ile ile wakaleta kila kitu ambacho Eliezer aliwahi kukitamka kuwa safi, wakakichoma moto. Wakapiga kura wamtenge. Akiva akajitolea kwenda kumwambia, asije akaenda mtu asiye na adabu akaiharibu dunia. Akavaa nguo nyeusi, akaketi mbali naye. "Akiva, leo kuna nini?" "Mwalimu, naona kama wenzako wanajitenga nawe." Eliezer akararua mavazi, akavua viatu, akateremka akaketi chini, machozi yakamtoka. Theluthi ya zeituni ikapigwa, na theluthi ya ngano, na theluthi ya shayiri.

Gamalieli alikuwa baharini. Wimbi likainuka kumzamisha. Akasema, naona hili halina sababu nyingine ila Rabi Eliezer. Akasimama: "Bwana wa ulimwengu, wewe wajua sikufanya kwa heshima yangu wala kwa heshima ya nyumba ya baba yangu, bali kwa heshima yako, ili magomvi yasizidi katika Israeli." Bahari ikatulia.

Mke wa Eliezer, Ima Shalom, alikuwa dada yake Gamalieli. Tangu siku ile hakumwacha mumewe aanguke kifudifudi katika sala, maana alijua sala ya mtu aliyeumizwa inakwenda wapi. Siku moja akakosea hesabu ya mwezi, akadhani una siku 29 kumbe una 30, akaona ni siku ya mwandamo, ambayo watu hawaanguki kifudifudi, asimlinde. Ndiyo, mwezi tena. Wengine wanasema si mwezi, ni maskini aliyesimama mlangoni na yeye akatoka kumpa mkate. Aliporudi akamkuta mumewe kifudifudi. "Inuka," akamwambia, "umemuua kaka yangu." Wakati huo huo baragumu likasikika kutoka nyumbani kwa Gamalieli kutangaza kifo. Eliezer akamuuliza umejuaje. Akasema, hivi ndivyo nilivyopokea kutoka nyumbani kwa babu yangu: milango yote hufungwa, isipokuwa mlango wa aliyeumizwa kwa maneno.

Kisa hiki kimewekwa katika sura inayozungumzia kuumizana kwa maneno. Hakikuwekwa kwenye sura ya matanuri, wala ya mahakama. Gamalieli alikuwa na haki ya kutoa hukumu, na bahari ililikubali hilo. Mungu alikubali kushindwa kwa hoja akatabasamu. Lakini chozi la mzee aliyeketi chini bila viatu halikuhesabiwa kama hoja, na kura za walio wengi hazikulizuia.

Hilo ndilo nililotaka kuandika. Mengine yote yananirudisha Tanga.

Narudi nyuma, Gamalieli akiwa hai. Mwanafunzi mmoja alimuuliza Yehoshua kama sala ya jioni ni lazima. Akajibu ni hiari. Akamuuliza Gamalieli, akajibu ni lazima. Chuo kilipojaa, Gamalieli akauliza mbele ya wote, kuna anayepinga? Yehoshua akasema hapana. "Mbona nimeambiwa kwa jina lako kwamba ni hiari? Yehoshua, simama kwa miguu yako, watoe ushahidi juu yako." Akasimama. Kisha Gamalieli akaendelea kufundisha, ameketi, na Yehoshua amesimama. Akafundisha, na Yehoshua amesimama. Mpaka watu wote wakanung'unika, wakamwambia Hutzpit, mkalimani aliyekuwa akipaza maneno ya mwalimu ili yasikike, "Simama!" Naye akanyamaza.

Kwa Kiebrania neno ni *amod*, na kama "simama" yetu lina maana zote mbili, ya kukaa wima na ya kukoma. Neno alilolitumia mkubwa kumwinua mwenzake aibike ndilo watu walilomrudishia.

Mama yangu alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi. Jumapili moja, wakati wa matangazo, aliinuka akauliza fedha za mabati ziko wapi, kwa kuwa michango ilikwisha kukusanywa mara mbili. Aliuliza kwa sauti ya chini na kwa heshima zote. Aliyekuwa mbele akamwangalia, akasema, "Msiwaguse masihi wangu," akageuza karatasi, akaendelea na matangazo. Ndoa mbili. Safari ya kwaya. Darasa la kipaimara. Mama hakuwa ameambiwa aketi, wala hakujibiwa, basi akabaki amesimama. Nilikuwa na miaka 15, nimeketi pembeni yake. Niliona mikono yake imeshika mgongo wa benchi la mbele, kucha safi. Hakuna aliyesema neno. Wimbo wa mwisho ulipoanza watu wote wakasimama, ndipo kusimama kwake kukaacha kuonekana.

Kuna kitabu kizima cha Mishna, Horayoti, kinachohusu viongozi wanapokosea: mahakama ikitoa hukumu isiyo sahihi, kuhani mkuu akipotoka, mtawala akitenda dhambi. Kinajengwa juu ya Walawi sura ya 4. Mle marabi waliona kitu katika Kiebrania: kwa kuhani na kwa mkutano imeandikwa "kama" akikosa, ila kwa mtawala imeandikwa *asher*, atakapokosa. Sforno, mfasiri wa Italia wa karne ya 16, anasema ni kwa sababu kwa mtawala hilo ni jambo la kutarajiwa. Rabani Yohanan ben Zakkai alilisikia katika *asher* neno *ashrei*, heri: heri kizazi ambacho kiongozi wake analeta sadaka kwa kosa lake.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni fungu la kwanza la kitabu hicho. Mahakama ikikosea na watu wakafuata, asiyejua hana hatia yake binafsi. Ila kama kulikuwa na mwanafunzi aliyefikia kiwango cha kutoa hukumu, akajua wamekosea, na bado akafuata, huyo anadaiwa sadaka yake mwenyewe. Talmudi inauliza, angewezaje kujua na bado akafuata? Inajibu kwamba alidhani amri ya kuwasikiliza wenye hekima inamfunga hata pale. Utiifu wake ndio uliomkosesha. Je, Yehoshua na bakora yake? Nimelifikiria sana. Siku ya mwezi ni ya wote, na mbiu ikishapigwa ndiyo siku yenyewe, wala hakuna aliyeumizwa isipokuwa yeye aliyekubali kutembea. Kanisani kwetu aliyekuwa amesimama ni mtu mwingine, na sisi tuliojua tulikuwa tumeketi.

Yavne hawakuishia kunung'unika. Wakahesabu: mwaka jana alimsumbua kwa habari ya mwezi, akamsumbua katika ugomvi mwingine, wa mnyama wa Rabi Tzadok, na leo tena. Wakamwondoa Gamalieli kwenye kiti, wakamweka kijana, Elazar ben Azaria. Siku hiyo bawabu aliyekuwa akizuia wanafunzi mlangoni akaondolewa, na mabenchi yakaongezwa, wengine wanasema 400, wengine 700. Gamalieli akaumia moyoni akiyaona mabenchi hayo. Lakini hakususa: Talmudi inasema hakukosa chuoni hata saa moja. Siku ile ile akabishana na Yehoshua kuhusu Mwamoni aliyetaka kuingia katika Israeli, na akashindwa. Ndipo akasema, kama ni hivyo nitakwenda kumwomba radhi.

Alipofika aliziona kuta zimejaa weusi. Akasema, "Kwa kuta za nyumba yako unatambulika kwamba u mchoma mkaa." Wengine wanasema mhunzi, na Talmudi ya Yerusalemu inasema alimkuta akitengeneza sindano. Miaka yote hiyo, mwezi, hukumu, kusimamishwa mbele za watu, na hakuwa anajua huyu mtu anakula kwa kazi gani.

Yehoshua akamjibu: "Ole wao kizazi ambacho kiongozi wao ni wewe, maana hujui taabu ya wanazuoni, wanaishije na wanakula nini."

"Nimekukosea. Nisamehe." Hakumjali. "Fanya basi kwa heshima ya nyumba ya baba yangu." Akaridhika. Wakaulizana nani atakwenda kuwaambia wanazuoni. Dobi mmoja akasema, "Mimi nitakwenda." Akaenda na ujumbe kwamba mwenye vazi na avae vazi lake, yaani Gamalieli arudi kwenye kiti, na mwishowe uongozi ukagawanywa kati ya Gamalieli na yule kijana, kila mmoja na zamu yake. Jina la dobi halikuandikwa.

Mwaka jana nilimsimulia mama haya yote kwa simu. Ameacha mkaa siku nyingi, magoti hayamruhusu. Alisikiliza kimya, hata tanuri, hata bahari. Nilipofika kwenye masizi alicheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyetajiwa jamaa yake. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Huyo mkubwa alipoingia, walimpa kiti?"

Nikamwambia Talmudi haisemi.

"Watakuwa walimpa," akasema. "Hata kama ni kigoda."